Kabla ya Zuwena wa Diamond, Hedaru Walikuwa na Zuwena Wao

Mwanzoni mwa 2023, kama ulipita barabara ya Dar kwenda Arusha na basi lenu likasimama Hedaru watu wakachimbe dawa, lazima uliisikia. Zuwena. Kuna dogo mmoja ana kibanda jirani na stendi, anachaji simu, anauza vocha, anaingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi za madereva, na spika yake ilikuwa inaipiga kuanzia jua linapochungulia nyuma ya milima ya Upare mpaka usiku, barabara ikibaki ya malori. Diamond alikuwa ameiachia juzijuzi tu. Kila bodaboda aliitaka. Kila dereva wa lori aliitaka. Dogo alikuwa anapiga hela mpaka anacheka mwenyewe.

Sasa pale kibandani kuna benchi, na kwenye benchi kuna mzee. Ni baba yake mkubwa. Zamani alikuwa konda wa mabasi ya Dar na Moshi, siku hizi kazi yake ni kukaa kivulini na kuwatazama watu wanaoshuka, akikumbuka waliokuwa wanashuka zamani. Mzee mpole, hana neno na mtu. Siku moja, wimbo unapigwa kwa mara ya kumi na ngapi sijui, akatikisa kichwa.

"Huyo siye."

"Siye nani, baba mkubwa?"

"Siye Zuwena."

Dogo akadhani ni masikio. Maana masikio ya mzee yana habari yake: hospitali walishamwambia la kushoto limekwisha kazi na la kulia linafuata, hawakumwambia lini. Akaongeza sauti. Mzee akacheka, akainua mkono kama anasimamisha basi.

"Nimesikia, mwanangu. Kijana anaimba vizuri. Ila Zuwena ninayemjua mimi ni mtu mzima, huyu anaweza kuwa mjukuu wake. Wa kwangu aliimbwa na Marijani."

"Marijani ndo nani?"

Mzee alinyamaza muda mrefu sana. Si kwa hasira. Alinyamaza kama mtu aliyeulizwa "chumvi ni nini", anatafuta pa kuanzia na hapaoni.

Tuwe wakweli, dogo hakuwa peke yake. Ukimuuliza kijana wa leo akutajie wakali wa zamani atakwambia Mbaraka Mwinshehe, ambaye alishafariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979 na jina lake halijawahi kushuka. Akiwa mjanja kidogo atamtaja Remmy Ongala, kwa kuwa Remmy alibahatika: mwishoni mwa miaka ya 80 alipanda majukwaa ya WOMAD Ulaya, albamu yake ikatoka Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na mpaka leo Wazungu wanamwandika. Msondo na Sikinde majina yao bado yako mjini, ukiwa na nauli ya kwenda ukumbini unawaona. Marijani Rajabu yuko katikati ya hao wote na hana mtetezi. Wazee wanamwita Jabali la Muziki, wengine wanamwita Doza. Vijana wanauliza ndo nani.

Alizaliwa Kariakoo mwaka 1955. Alianzia STC Jazz, bendi ya lile shirika la biashara la taifa, kisha mwaka 1972, umri ambao wengi wetu bado tunaomba hela ya nauli nyumbani, akaingia Safari Trippers. Huko ndiko zilikotoka Georgina na Rosa Nenda Shule. Halafu ikaja Dar International na mtindo wao wa Super Bomboka, na hapo ndipo mzee wa Hedaru anapoweka mkono kifuani: Zuwena, Mwanameka, Paulina, Siwema, Masudi.

Angalia hayo majina. Ni kama orodha ya abiria. Jamaa alikuwa anaimba watu. Hakuwa na haja ya kukuambia mapenzi ni matamu au mapenzi ni sumu, alikuwa anakuletea mtu mmoja mwenye jina, na kabla wimbo haujaisha unajikuta una wasiwasi naye kama ni binti wa jirani. Na sauti yenyewe haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa nyembamba kidogo, laini, kila neno linasikika mpaka silabi ya mwisho, kama mtu anakusimulia jambo kibarazani asitake wenye nyumba wasikie. Ukizisikiliza rekodi zile leo, na mikwaruzo yake yote, hakuna neno unalolazimika kukisia. Jaribu kusema hivyo kuhusu nyimbo za mwaka huu.

Mzee anasema enzi hizo Hedaru redio zilikuwa za kuhesabu, na betri zilikuwa adimu kuliko redio. Ilikuwa miaka ya baada ya vita vya Kagera, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na mtu akipata betri mpya anamnong'oneza rafiki yake wa karibu tu. Zikichoka unazianika juani juu ya bati, jioni zinakupa nyimbo mbili tatu kabla hazijafa tena. Watu walikuwa wanapanga: tusifungue sasa, tusubiri kipindi cha muziki. Na redio yenyewe ilikuwa moja tu, Redio Tanzania. Hakukuwa na kuhama stesheni. Televisheni huku bara hakuna kabisa, ITV ilikuja mwaka 1994. Kwa hiyo mtu aliweza kumpenda Marijani miaka kumi, akajua anavyovuta pumzi kabla ya ubeti wa pili, asijue kama ni mrefu au mfupi.

Hiyo ndiyo sababu moja ya kusahaulika kwake, na haisemwi sana. Hana video. Staa wa leo akinyamaza miezi sita, simu inakukumbusha kwa picha. Marijani ameacha sauti, na sauti bila picha kwa kizazi hiki ni kama barua bila bahasha, haijui iingie mlango gani. Sababu nyingine ni kwamba bendi kubwa za wakati huo zilikuwa na mzazi: Juwata ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Bima Lee ya shirika la bima, Mlimani Park chini ya DDC. Mzazi ananunua vyombo, analipa mishahara. Dar International haikuwa na mzazi wa namna hiyo. Vyombo vikichoka, vimechoka.

Turudi Hedaru.

Kesho yake mzee alikuja na kopo la Kimbo. Ndani yake, kwenye kitambaa, kulikuwa na kanda moja ya kaseti, karatasi yake imeandikwa kwa mkono, wino umegeuka rangi ya chai. Dogo akaichukua, akaigeuza, akauliza inachomekwa wapi. Alikuwa anatania, lakini nusu tu.

"Hii," mzee akasema, "nilinunua kwa mwenyewe."

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 90, hakumbuki mwaka. Basi lilikuwa limelala Dar, yeye akaenda Kariakoo kutafuta spea na mazagazaga ya kupeleka nyumbani. Alikuwa ameambiwa Mtaa wa Mahiwa kuna mahali zinauzwa kanda za zilipendwa. Hilo si la mzee peke yake, linajulikana: miaka yake ya mwisho, muziki ukiwa haumlipi tena, Marijani alikuwa anauza kanda za nyimbo zake mwenyewe pale Mahiwa. Mtu aliyeimbisha nchi nzima, anajinakili na kujiuza reja reja.

Konda wa Hedaru hakulijua hilo. Alifika, akaona kanda, akauliza bei bila kumtazama aliyekaa. Si unajua haraka ya konda. Akajibiwa. Na hapo, anavyosimulia, mwili ulisisimka kabla akili haijaelewa, kwa sababu ile sauti aliyoisikia miaka yote kwenye redio ya betri za kuanika, ile ile, leo ilikuwa inamtajia bei ya kanda.

Akainua macho. Kumbe ndivyo alivyo.

"Ukamwambiaje?" dogo akauliza.

Mzee akatazama barabarani. Basi la Arusha lilikuwa linaingia, wauzaji wanalikimbilia na beseni zao, akasubiri mpaka kelele zikapungua.

"Nikamwomba anipunguzie."

Hebu tulia hapo kidogo. Wapare wanataniwa nchi nzima kwa ubahili, utani wenyewe unaujua, eti Mpare atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Mzee mwenyewe anausimulia na anacheka. Lakini hili hacheki. Anasema haikuwa shida ya hela, hela alikuwa nayo, ilikuwa ni mdomo tu, mdomo wa konda umezoea, kila bei inayotajwa lazima ishushwe. Alipunguziwa shilingi mia moja. Akalipa, akaitia kanda mfukoni, akaondoka. Hakumwambia hata "nakupenda kazi zako". Hakumwambia kwamba mke wake alimpata kwa sababu ya wimbo wake mmoja, walikuwa wanausikiliza kwenye redio ya duka la Mwarabu, yeye nje ya dirisha na binti nje ya mlango. Alifika Chalinze ndipo akawaza kurudi, na basi halirudi.

Machi 23, 1995 Marijani akafariki. Alikuwa na miaka 40. Akazikwa Kisutu, Dar. Mzee aliipata habari akiwa Korogwe, kwenye hoteli ya chai, na anasema chai ile hakuimaliza. Mia moja yake ilikuwa imekaa mfukoni mwa moyo, na mwenye kudai ndiyo kaondoka.

Mtu mwingine angesema acha hizo, mzee, kupatana bei ndiyo biashara. Dogo naye alisema hivyo. Lakini mzee akamjibu kwa swali, na swali lenyewe lilimkaa vibaya.

"Wewe hizi nyimbo unazowauzia madereva, wenyewe wanapata ngapi?"

Dogo akacheka. Halafu akaacha kucheka. Nyimbo ishirini kwenye flashi ni elfu moja, zote za kwake. Diamond hajui kama kuna kibanda Hedaru. Ukimuuliza dogo atakwambia mastaa wana hela, wana matangazo, wana shoo, flashi za Hedaru haziwapunguzii kitu, na kwa Diamond hoja ina mashiko kidogo. Kwa Marijani haina. Sheria ya hakimiliki iliyozaa COSOTA ni ya mwaka 1999, yeye ana miaka minne kaburini. Kabla ya hapo redio ilipiga, kumbi zilipiga, vibanda vya kanda kila stendi vilinakili na kuuza, na mwenye sauti akabaki na njia moja, akae mwenyewe Mahiwa anakili kama wao. Alikuwa anashindana na waliomwibia, kwa bidhaa yake mwenyewe, na bado kuna konda akaja akaomba apunguziwe.

Kanda sasa. Redio kaseti ya mzee ilikuwepo, National ya zamani, lakini mpira wa kuzungushia umeyeyuka umekuwa kama ulimbo. Hedaru hakuna anayejishughulisha na vitu hivyo tena. Dogo akaipakia kwenye basi mpaka Same mjini kwa fundi mmoja mzee, fundi akaitazama kama mtu aliyeletewa mgonjwa wa ukoo. Akatafuta mpira kwenye mabaki ya redio nyingine, akasafisha hedi kwa spiriti, akadai elfu kumi. Dogo alifungua mdomo apatane, halafu, haelewi kwa nini, akaufunga akalipa.

Haikwenda vizuri mara moja. Jaribio la kwanza mashine ilitafuna kanda, ikatoka utepe kama tambi, mzee akasimama kwenye benchi akiwa ameshika kichwa. Dogo alitumia saa nzima kuukunjua kwa vidole, sehemu iliyokatika akaiunga kwa selotepu nyembamba kwa maelekezo ya mzee, kisha wakairudisha ndani kwa kuzungusha kalamu ya Biki. Hiyo ya kalamu watoto wa stendi walikusanyika kuitazama kama mazingaombwe.

Walipobonyeza tena ilitoa kwanza upepo. Shhhh, muda mrefu. Halafu gitaa kwa mbali, halafu ile sauti.

Mzee aligeuza sikio la kulia, lile lililobaki, akalisogeza mpaka karibu na spika ya redio. Dogo anasema alitaka kumrekodi kwa simu aweke stetasi, akashindwa, akaiweka simu mfukoni. Bodaboda wawili waliokuwa wanabishana habari za Simba na Yanga wakanyamaza, hata haikujulikana kwa nini. Mama anayeuza ndizi za mlimani akaanza kuimba nao pole pole, maneno yote, beseni kichwani, hajakosea hata neno moja. Kumbe anaujua! Miaka yote anapita pale, nani alimuuliza?

Dogo, kwa kuwa ni mtu wa teknolojia, akaona ampe mzee raha zaidi. Akautafuta wimbo ule ule YouTube, upo, tena watu waliouweka wameusafisha, hauna upepo, hauna mikwaruzo. Akamuwekea kwa spika kubwa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

"Mzuri," akasema. "Rudisha ule wa kwangu."

Ukienda kwenye hizo video usome yaliyoandikwa chini yake, utawakuta wamejaa humo: mwenye miaka 60 yuko Muscat, dereva wa lori Lubumbashi, mama wa Mombasa anayesema wimbo ulipigwa siku ya harusi yake. Kila mmoja anadhani yuko peke yake duniani. Hakuna kampuni inayomsukuma Marijani, hakuna tuzo yenye jina lake inayorushwa mubashara. Kuna watu tu, mmoja mmoja. Ukimya wa kipaji kikubwa hivi unaudhi, na unaudhi zaidi ukikumbuka kwamba wengi wa wakubwa wa leo wanatumia ile ile njia yake, chukua jina la binti, simulia kisa chake, waache watu walie, na hakuna anayewauliza waliisoma kwa nani. Pengine hata wao hawajui. Ilikuwa hewani tu walipokuwa wanakua.

Dogo aliinakili kanda yote kwa waya kutoka kwenye redio kwenda kwenye simu, upepo na mikwaruzo na pale palipoungwa kwa selotepu, ambapo Marijani anaruka neno moja. Siku hizi ina sehemu yake kwenye kompyuta ya kibanda, imeandikwa BAMKUBWA. Ilianza kama utani, halafu dereva mmoja wa lori akaisikia ikipigwa akasema hizo niwekee. Akaja mwingine. Zinatoka kuliko alivyotarajia, hasa kwa watu wa safari ndefu za usiku, wanasema zinafukuza usingizi kwa upole.

Mzee aliliona hilo na akaweka sharti moja. Nyimbo zingine dogo apunguze bei anavyotaka, ni biashara yake. Za Marijani hazipunguzwi. Dogo alimwambia ukweli, kwamba hela bado inaingia mfukoni mwake yeye, haifiki Mahiwa wala Kisutu wala kwa mtoto wa marehemu yeyote, kwa hiyo sharti halina maana. Hoja nzito. Mzee akamwambia anajua, ila hazipunguzwi.

Wiki iliyopita alisimama konda mmoja wa basi la Dar, kijana, mdomo unakwenda kama cherehani. Kachagua nyimbo zake kumi na tano mpya, kaongezea tano za BAMKUBWA, halafu akaanza: elfu moja nyingi kaka, nifanyie mia nane, gari linaondoka. Dogo akamgeukia mzee. Mzee alikuwa amekaa na redio yake mapajani, sikio la kulia likitazama barabara, na haikujulikana kama amesikia au la.

"Hizo kumi na tano nakupunguzia," dogo akamwambia konda. "Hizo tano kalipe kamili."

Konda akaguna, dereva akapiga honi, akalipa.